"Ndiyo" ya mwanafunzi na fomu isiyotiwa saini

Waulize wanafunzi wa chuo kikuu kama kuchangia viungo baada ya kufa ni jambo jema, mikono mingi itapanda. Uliza wangapi wamejiandikisha, mikono inapungua. Uliza wangapi wamewaambia wazazi wao, ukumbi unakuwa kimya. Tafiti za wanafunzi katika nchi mbalimbali zimekuwa zikionyesha mteremko huo kwa miaka mingi, na karibu kila moja humalizia kwa pendekezo lile lile: elimu itolewe zaidi.

Sina ugomvi na elimu. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha nyuma ya pendekezo hilo, kwamba kijana anayesita ama hajui, ama ni mchoyo. Naona wengi wao wanajua kuliko tunavyowadhania, na kile wasichokijua ni kile ambacho hata madaktari wamekibishania kwa zaidi ya nusu karne.

Tuanze hata hivyo na upande wa pili, maana una uzito wake na haufai kupitwa mbio. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilitoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake, Boston, Desemba 1954. Leo dunia inafanya upandikizaji zaidi ya 150,000 kwa mwaka, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hiyo ni kama sehemu moja tu ya kumi ya mahitaji. Marekani peke yake ina zaidi ya watu 100,000 kwenye orodha ya kusubiri. Na kusubiri figo si kukaa tu. Mara tatu kwa wiki, saa nne au karibu na hapo kila mara, mtu anaunganishwa na mashine ya kumsafishia damu, kisha anarudi nyumbani hajiwezi kwa uchovu. Huyo ana nafuu. Anayesubiri ini hana mashine ya namna hiyo ya kumvusha miaka.

Mchangiaji mmoja aliyefariki anaweza kuokoa hadi watu wanane, na nafasi hiyo ni adimu. Nchini Uingereza inakadiriwa kuwa mtu 1 tu kati ya 100 wanaofariki hufia katika mazingira yanayoruhusu viungo vyake kuchukuliwa, kwa kawaida akiwa chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye mashine ya kupumulia. Moyo ukishatolewa una saa nne hivi za kufika kifuani kwa mwingine. Figo inaweza kungoja siku nzima. Kwa hiyo kila "ndiyo" iliyopotea kwa kuahirisha tu ni hasara ya kweli, na anayewakemea vijana kwa uzembe huo ana sababu. Tena ana hoja ya haki mkononi: asiyetaka kutoa mara nyingi hakatai kupokea. Singapore na Israel zimeiingiza hoja hiyo kwenye sheria, zikimtanguliza katika foleni yule aliyekubali kuchangia kabla hajahitaji. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Haya yote nayakubali. Sasa mtazame mwanafunzi na fomu yake.

Fomu nyingi hazimuulizi swali moja. Zinamwekea orodha: figo, ini, moyo, mapafu, kongosho, utumbo mwembamba, kisha macho, au konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho. Anaweka tiki kwenye figo bila kusita. Mapafu, sawa. Kwenye moyo kalamu inapunguza mwendo. Kwenye macho inasimama. Hayuko peke yake. Macho na moyo huzuiwa hata na watu walioridhia kutoa vingine vyote. Kitabibu jambo hilo halina mantiki. Kutoa konea ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kutoa ini, na uso wa marehemu haubadiliki. Lakini mkono umesimama, na kipeperushi hakitausogeza, kwa sababu hakuna taarifa iliyopungua. Macho ndiyo yaliyomtazama mama. Moyo ndio tunaosema umependa, umeingia ubaridi, umekuwa mzito. (Maini nayo yana madai yake, maana kuna maneno yanayokata maini, ila kwenye fomu hayapati shida.) Lugha ilishaviweka viungo hivyo viwili mahali ambapo figo haijawahi kufika.

Margareta Sanner, mtafiti wa Sweden, alieleza katika miaka ya 1990 kwamba watu huendelea kuuwazia mwili wa marehemu kana kwamba bado unahisi, hata wakijua vizuri kabisa kuwa hauhisi. Huko Marekani, Susan Morgan na wenzake walipoyasikiliza mazungumzo ya familia kuhusu kuchangia viungo, walikutana na mambo mawili yasiyotulizwa na takwimu: kinyaa cha kukatwakatwa, na hofu kwamba kutia saini ni kujiitia kifo. Hilo la pili kijana wa miaka 20 anayesoma fizikia hawezi kulitamka mbele ya wenzake. Atasema, "Bado natafakari." Mtafiti naye ataandika kuwa mhojiwa hana uelewa wa kutosha.

Kisha lipo swali zito zaidi, na hapo ndipo ningependa tukae. Nani atasema kwamba nimekufa?

Wanafunzi huliuliza kwa namna inayowapa wakubwa nafasi ya kulipuuza: "Wakijua nimesaini, si wataniacha nife?" Jibu la haraka lipo, na ni la kweli. Madaktari wanaomtibu mgonjwa si wale wa upandikizaji, na wanaothibitisha kifo hawaruhusiwi kuwa na mkono katika kupandikiza. Habari ya viungo huja baada ya matibabu kuonekana hayana tena matumaini. Wengi huishia hapo, wakadhani wamemaliza.

Hawajamaliza. Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu Cape Town tarehe 3 Desemba 1967. Agosti 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikachapisha vigezo vya kile tunachokiita leo kifo cha ubongo, yaani ubongo kukoma kabisa kufanya kazi ingawa moyo bado unadunda, na ripoti yenyewe ikataja, miongoni mwa sababu zake, kwamba vigezo vya zamani vya kifo vinaweza kuleta utata katika kupata viungo vya kupandikiza. Miezi minane. Mwanafunzi akizipanga tarehe hizo mbili sambamba ana haki ya kuuliza: mlikuwa mnatafuta maana ya kifo, au mlikuwa mnatafuta mioyo? Wanafalsafa na madaktari wamelishughulikia swali hilo tangu siku hizo, na hawajakubaliana wote. Sababu nyingine ya kamati ilikuwa wagonjwa waliokuwa wakipumuliwa na mashine bila tumaini lolote la kuzinduka. Mashine hizo zilikuwa zimeshaleta swali mezani kabla ya Barnard kushika kisu. Kwangu mimi jibu hilo linatosha. Lakini kwamba limenitosha mimi hakunipi ruhusa ya kumnyamazisha anayeuliza.

Na anayeuliza angestahili kuonyeshwa kinachofanyika. Kwanza lazima kilichouharibu ubongo kijulikane, na madaktari wahakikishe hakuna dawa, sumu au baridi kali ya mwili inayoweza kuigiza hali hiyo. Daktari anamulika mboni kwa tochi, hazisinyai. Anagusa konea kwa pamba, kope hazichezi. Anabonyeza kwa nguvu kwenye mfupa wa juu ya jicho, uso haukunjamani. Anamimina maji ya barafu sikioni, macho hayasogei. Anapitisha mpira mwembamba hadi ndani ya njia ya hewa, hakuna kikohozi. Mwisho mashine ya kupumulia inatenganishwa na mgonjwa, oksijeni ikiendelea kuingizwa, na waliomo chumbani wanakikodolea macho kifua kwa dakika kadhaa huku hewa ya ukaa ikipanda katika damu, hadi kufikia kiwango ambacho ubongo wowote wenye uhai ungeulazimisha mwili uvute pumzi. Kifua hakiinuki.

Kisha mashine inarudishwa, na ugumu wa mama aliyekaa pembeni unaanzia hapo, kwa sababu kifua kinainuka tena. Mkono wa mwanawe una joto. Ngozi ina rangi yake. Pengine mikono inanyanyuka yenyewe kwa msukumo wa uti wa mgongo, jambo ambalo madaktari wanalijua na wamelipa jina la Lazaro. Wamewahi kuwepo wajawazito waliothibitishwa kufa ubongo, wakatunzwa kwenye mashine kwa wiki kadhaa hadi mtoto akatolewa hai. Mbele ya mambo kama haya, kumwambia mwanafunzi "kifo ni kifo" ni kumrahisishia hadi kumpotosha. Aelezwe basi yote mawili: kwamba mwili huo kweli una joto, na kwamba chama cha madaktari wa neva cha Marekani kilipopitia ushahidi mwaka 2010 hakikukuta ripoti hata moja ya mtu mzima aliyepimwa sawasawa kwa vigezo vyake kisha ubongo wake ukarejea kufanya kazi. Wengi wakisikia yote mawili hukubali. Wapo watakaokataa, nao watakuwa wamekataa wakijua wanachokikataa.

Shaka juu ya hospitali nayo ina historia. Mwaka 2012 Ujerumani iligundua kwamba katika baadhi ya vituo vyake vya upandikizaji taarifa za wagonjwa zilikuwa zikichezewa ili wapande kwenye orodha ya ini. Hakuna mchangiaji aliyeuawa. Hakuna kiungo kilichoibwa. Kilichofanyika ni udanganyifu wa foleni. Hata hivyo wachangiaji waliofariki, ambao walikuwa 1,200 mwaka 2011, walishuka hadi 876 mwaka 2013. Huwezi kusema Wajerumani walipungukiwa elimu katikati ya miaka hiyo miwili. Walichopungukiwa ni imani, na imani ilipungua kwa sababu.

Dini nitaipita haraka, kwa kuwa hojaji huipa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia waliruhusu uchangiaji mwaka 1982. Jopo la kimataifa la fiqhi lililokutana Amman mwaka 1986 likakikubali kifo cha ubongo. Papa Yohane Paulo II, akiwahutubia wataalamu wa upandikizaji Roma mwaka 2000, aliuita uchangiaji tendo la upendo. Wapo wanazuoni wasiokubaliana na hayo na wana hoja zao. Lakini mwanafunzi anapojibu "dini yangu hairuhusu", mara nyingi hajamuuliza shehe wala padri. Ametafuta jibu ambalo mhojaji hataendelea kulihoji, na amelipata.

Sasa nifike kwenye takwimu inayonikosesha usingizi. Huduma ya damu na upandikizaji ya Uingereza imekuwa ikieleza kwamba familia inapojua marehemu alitaka kuchangia, karibu 9 kati ya 10 hukubali. Isipojua, hukubali kama nusu.

Isome tena. Ni familia za nchi moja, katika hospitali zile zile, mbele ya wauguzi wale wale na usiku wa huzuni ile ile. Kinachowatofautisha ni kama kuna siku mtu alifungua mdomo. Hapo ndipo kampeni za vyuoni zinapokosea njia. Zinaweka meza karibu na lango wakati wa wiki ya mapokezi, zinahesabu saini, zinaandika ripoti. Kumbe katika nchi nyingi, hata saini ikiwepo, atakayesimama kwenye korido saa tisa usiku na kuulizwa ni mama, baba, mume au dada, na akisema hapana madaktari wengi hawatamburuza. Mwanafunzi aliyesaini kimyakimya amemwachia mama yake kitendawili. Mwanafunzi ambaye hajasaini popote, lakini siku moja ndani ya gari alimwambia dada yake, "Likinipata la kunipata, watoe, ila macho waache," ameacha jibu. Hojaji inamhesabu wa kwanza kuwa mchangiaji na wa pili kuwa mzito wa kuelewa.

Mkosoaji makini atanikatiza hapa, na ana haki. Pengine familia zinazozungumza mambo haya ndizo zile zile zilizokuwa tayari kukubali, na mazungumzo ni dalili tu, wala hayakuleta kitu. Sehemu ya tofauti bila shaka iko hivyo. Siamini kwamba ni yote, kwa sababu ya jinsi familia zilizokataa zinavyojieleza: wengi husema hawakujua angetaka nini, wakaogopa kumkosea. Hapana ya namna hiyo imetokana na giza, na giza lina dawa.

Hispania inanipa moyo katika hili. Ina sheria ya tangu 1979 inayomchukulia kila mtu kuwa ameridhia mpaka akatae, na wanasiasa wa nchi nyingine hupenda kuitaja sheria hiyo kama siri ya mafanikio. Mwaka 1989, sheria ikiwa na miaka kumi, wachangiaji walikuwa 14 hivi kwa kila watu milioni 1. Mwaka huo likaundwa shirika la taifa la upandikizaji chini ya Rafael Matesanz, wakawekwa hospitalini waratibu waliofunzwa kukaa na familia, kusikiliza, kujibu na kurudi kesho. Mwaka 2016 wachangiaji walipita 43. Na familia huulizwa siku zote, sheria iseme inavyosema. Brazil iliyojaribu njia ya sheria peke yake mwaka 1997 ilizua hofu kubwa kiasi kwamba iliifuta ridhaa hiyo ya kudhaniwa mwaka uliofuata.

Wanaopenda utafiti wa tabia watanikumbusha ile makala maarufu ya 2003 iliyoonyesha Austria ikiwa na asilimia 99.98 ya watu waliohesabiwa kuwa wameridhia, na Ujerumani 12. Takwimu hizo ni sahihi, lakini zinapima karatasi. Zinatuambia watu wangapi hawakujisumbua kubadilisha kilichokuwa kimeandikwa kwa niaba yao. Kimya cha Mwaustria hakimwambii mkewe kitu.

Na elimu yenyewe? Niitendee haki: wanafunzi wa udaktari kwa kawaida wako tayari zaidi kuchangia kuliko wa fani nyingine, na maarifa yana sehemu katika hilo. Ila maarifa hayaendi upande mmoja daima. Utafiti uliofanywa Ireland na kuchapishwa 2008 uliwafuata wanafunzi wa udaktari walipoanza kupasua maiti. Waliokuwa tayari kutoa mwili wao mzima kwa ajili ya mafunzo walishuka kutoka karibu theluthi moja hadi karibu moja ya tano. Kuchangia viungo waliendelea kukuunga mkono. Walichoogopa ni kile walichokiona kwa macho yao mezani. Scotland nako, katika jaribio lililochapishwa 2016, maelfu ya watu wasiokuwa wamejiandikisha walitumiwa hojaji kwa posta kwa matumaini kwamba kulitafakari jambo hilo kungewasukuma. Waliopata hojaji walijiandikisha kwa uchache kuliko walioachwa bila kuulizwa chochote.

Jaribio hilo la Scotland linanifurahisha kwa ubaya kidogo, nakiri. Linaonyesha kwamba ukimshurutisha mtu akutane na kifo chake akiwa peke yake na karatasi, anarudi nyuma, na mimi simlaumu. Mazungumzo ni kitu kingine. Kwenye mazungumzo kuna mtu upande wa pili, kuna utani wa kupunguza uzito, kuna ruhusa ya kusema "macho hapana" bila kutakiwa kutoa sababu.

Kwa hiyo kama chuo kingeniuliza, ningesema meza ya saini ibaki, ila swali la kwanza libadilike. Badala ya "Uko tayari kuchangia?" aulizwe: "Nani nyumbani anajua unachotaka?" Aletwe daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi, asije na picha za watoto waliopona; aje kueleza habari ya mashine, mkono wenye joto na tarehe za 1967 na 1968, kisha ajibu maswali mpaka yaishe. Na "hapana" ya mtu iandikwe kwa heshima ile ile, kwa kuwa nayo inamwokoa mama asibahatishe.

Kuna nchi iliyokaribia kulifanya hilo kwenye fomu yenyewe. Sheria ya Uholanzi iliyoanza kutumika Julai 2020 inampa mtu majibu manne. Ndiyo. Hapana. Mwenzi au familia yangu iamue. Na la nne: aamue mtu huyu ninayemtaja. Wanaharakati wengine wanaona hayo mawili ya mwisho ni chenga, na inawezekana kwa wengine ni chenga kweli. Mimi nalipenda la nne. Kijana ambaye kalamu yake ilisimama kwenye macho anaweza kuandika hapo jina la dada yake. Ila akishaliandika itabidi ampigie simu, na dada, kabla ya lolote, atauliza kama yuko mzima.